Wingu Likitanda, Bibi Huenda Kuanua Dagaa

Siku hizi wingu likitanda juu ya Mukendo, hapa Musoma mjini, naacha kila kitu. Nampigia simu shangazi, anayeishi na bibi kule Butiama, na kabla hata ya salamu namuuliza bibi yuko wapi. Kuna siku alishatoka. Walimkuta barabarani peku, akiwahi ziwani kuanua dagaa wake. Kutoka Butiama hadi ziwani ni mbali kwa mguu, tena kwa mtu aliyekwisha kusahau njia ya kurudi.

Wewe uliyekulia ufukweni Musoma unajua. Bibi alikuwa mwanika dagaa. Asubuhi tulitandika nyavu kuukuu mchangani, tukamwaga dagaa wabichi, tukawageuza hadi mikono ikanuka shombo. Mwalimu wetu alitukalisha karibu na dirisha kwa ajili hiyo. Lakini wingu likichomoza upande wa kisiwa cha Rukuba, aliyekuwa akisonga ugali aliacha mwiko sufuriani. Tulianua dagaa wa kwetu, wa jirani, na wa watu tusiowajua. Baadaye tulibanana chini ya bati tukila viazi vitamu vya moto, mvua ikitupigia kelele, na bibi akitucheka kwa uzembe wetu.

Shangazi amechoka, simlaumu. Alinunua kufuli. Nilipofika Butiama nilimkuta bibi anautikisa mlango huku analia, na nje mvua inanyesha.

"Dagaa zangu zinaloa," aliniambia, "na nyie mnaniangalia tu."

Kesho yake nikanunua dagaa sokoni, nikaenda ziwani kuomba wavu mkuukuu kwa wavuvi, nikarudi kuvitandaza uani. Shangazi aliniona nimechanganyikiwa, ila kufuli alilifungua.

Mchana wingu likaja. Bibi alitoka mbio, akatazama njia ya barabarani. Nilikuwa tayari kumkimbilia. Ndipo akauona wavu. Alichuchumaa, akashika pembe zake, akaanza kuwakusanya dagaa katikati kwa ule mkono mwepesi wa zamani. Mtu asiyenikumbuka jina alijua kila kitu cha kufanya. Kisha akasimama, akatazama huku na huku, kana kwamba kuna jambo haliko sawa.

"Wenzenu wako wapi? Tulikuwaga wengi."

Shangazi alimwita jirani, naye akaja na beseni lake bila kuuliza swali. Bibi akatuambia maneno yaleyale ya ufukweni: "Anueni kwanza, mtaulizana baadaye ni za nani."

Tangu hapo wavu haujaondoka uani, na jirani akiona wingu anakuja mwenyewe. Kule ufukweni kila mtu sasa ana turubai lake na hukimbilia la kwake. Sijui kama kuna anayeanua dagaa wa mwenzake. Kufuli tumeshalitupa, lakini simu bado napiga. Zamani niliogopa kuambiwa bibi ametoka. Sasa naogopa siku ambayo wingu litatanda, na shangazi aniambie bibi amekaa tu, analitazama.