Premier wa Ubaoni

Tarehe 12 Julai 1953 Sévère Manirakiza, mzaliwa wa Mutarule, alipata diploma ya ualimu, wa kwanza kati ya wanafunzi kumi na wanne. Hapakuwa na mtu Uvira aliyesalimiana naye mara mbili bila kuambiwa.

Katika shule yake ya Kimanga, juu kabisa ya ubao wa darasa la sita, aliandika: 30031, nombre premier. Yaani namba isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Alikuwa amezidisha mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja na kumi na tatu, akapata 30030, akaongeza moja. Ukiigawanya kwa yoyote kati ya hizo sita, inabaki moja. Basi haigawanyiki, akasema, na mwaka hadi mwaka hakuna kitambaa kilichoruhusiwa kugusa mstari ule.

Mwaka 1962 Candide Nkeshimana, mwalimu wa ushonaji, alimwambia kuwa namba haziishii kumi na tatu; ajaribu hamsini na tisa.

"Mademoiselle, rudi kwenye vifungo vyako."

Hakujaribu. Tangu lini wa kwanza akasahihishwa na mshona vifungo?

Mei 1964 waasi waliingia mjini. Kiongozi wao mmoja, Commandant Libérat, alipita darasani na watu watatu wenye mikuki, akasoma ubao herufi kwa herufi.

"Premier! Kumbe mwalimu anaandikia Premier, ule waziri mkuu wa Léopoldville. Na hii namba iko ya nini? Iko ya askari anaomba?"

"Ni hesabu," Sévère akasema, kwa sauti ya kuwasemesha watoto wanaojikojolea. "Aliyefika hata darasa la nne angejua."

"Minye niliishia la tatu. Toka inje."

Nje palikuwa na ukuta, na tangu Jumanne mtaa mzima ulijua ukuta ule ni wa kazi gani.

Candide alikuwa mlangoni. "Commandant, ile namba haiko premier. Alikosea. Inagawanyika kwa hamsini na tisa."

"Uongo!" akafoka Sévère, kola yake ikiwa mkononi mwa mwasi.

Libérat akacheka. "Sikia kichwa hiki! Mama anakuokoa, weye unabisha. Haya, gawanya. Kama iko premier kweli, weye uko mutu wa ule Premier."

Sévère akachukua chaki. Mia tano na tisa. Hakikubaki kitu. Akarudia polepole, macho yakiitafuta ile moja ya kubaki, moja ambayo ingempeleka ukutani. Haikuwepo.

"Eh, mwalimu?"

"Haiko premier." Darasa halikuwahi kumsikia akiongea chini namna ile.

"Premier ameanguka!" Commandant akashangilia, akafuta mstari kwa kiwiko, akaondoka na watu wake.

Shule ilipofunguliwa tena, Candide alichukua hesabu ya darasa la sita. Sévère alipewa la kwanza, kufundisha kuhesabu hadi ishirini.