Babu yangu alivyowasomea kina mama wachambua pamba kitabu cha uongo, hadi Mama Kabula alipoangalia namba ya ukurasa

Wakuu shikamooni. Wale wa rika langu, niaje.

Nipo kidato cha tatu, shule zimefungwa, nimeletwa kwa babu huku Shinyanga vijijini, upande wa Maganzo, eti nikajifunze kazi. Kazi yenyewe mpaka sasa ni kumsikiliza babu.

Stori hii ni yake, ya miaka ya sabini, akiwa darasa la sita. Nimemhoji mara tatu siku tofauti nikisubiri ajichanganye, hakujichanganya. Nikaenda na kwa bibi mmoja jirani ambaye alikuwepo. Akathibitisha, tena akaongeza aibu ambazo babu alizificha.

Nikitia chumvi hata punje, nikirudi bweni nikute makande muhula mzima.

Na ruhusa ya kumsema ninayo. Mimi na babu ni watani. Yeye ananiita mpinzani, mimi namwita kijana.

Sasa.

Mwaka huo mama yake babu alivuna pamba nyingi kuliko mikono aliyokuwa nayo. Mumewe alikuwa ameenda Geita kutafuta dhahabu, na kilichokuwa kinarudi nyumbani ni salamu tu.

Kwa wasioijua pamba: ukishavuna bado hujamaliza. Unakaa chini unachambua. Nyeupe huku, ile ya njano yenye majani makavu kule. Nyeupe ndiyo safi, nyingine inaitwa fifi. Ukipeleka mchanganyiko, mpimaji anakurudisha nayo nyumbani. Na kituo cha kununulia kina siku yake ya kufungwa. Ikipita, jasho la mwaka mzima unalilalia kama godoro.

Chumba kizima kilijaa pamba hadi kwenye kenchi. Wachambuaji wawili: mama na babu.

Babu msimhesabu. Babu alikuwa mvivu, wakuu, na simsingizii. Anasema mwenyewe alikuwa akichambua konzi moja kwa muda ambao mama anamaliza kapu.

Kijiji kilikuwa na maktaba, maana yake kabati moja kwenye ofisi ya kijiji. Siku moja babu akatoka huko na kitabu kisicho na jalada, mchwa walishalisoma kabla yake. Akamwambia mama yake, "Mayu, mwalimu ametaka tusome kwa sauti kila siku."

Mwalimu hakuwa ametaka chochote.

Mama akamwachia. Babu akakaa kwenye kigoda, akasoma kwa Kiswahili, akageuza kwa Kisukuma. Kina mama wengi pale Kiswahili chao kilikuwa cha salamu na cha kuombea chumvi dukani. Kitabu kilihusu fundi cherehani aliyesafiri kumtafuta kaka yake aliyepotea.

Vijiji vile vya ujamaa nyumba zilikuwa zimepangwa mstari, jirani anasikia hata ukikohoa. Mama Shija akasogea. Wakaja wengine. Na mwanamke wa huku hakai mikono mitupu, kila aliyekaa alivuta pamba akachambua.

Ndani ya wiki walikuwa kina mama tisa. Rundo likaanza kushuka. Mama yake babu, yule bibi jirani anasema, ndipo alipoanza tena kucheka.

Kwa hiyo muelewe. Mikono ile yote ilikuwa imeshikiliwa na kitabu.

Tatizo: babu alifika ukurasa wa kumi na mbili, Kiswahili kikawa kigumu. Maneno ya pwani, sentensi ndefu kama foleni ya chakula bwenini. Badala ya kuuliza, akafanya ambacho hata mimi ningefanya. Akatunga.

Fundi cherehani akapigana na chatu. Akaoa wake watatu, wa tatu akafa kwa huzuni. Akafika Mwadui akaokota almasi kubwa kama kichwa cha mbuzi. Hapo mama mmoja ambaye mumewe alikuwa akichekecha changarawe mgodini huko alisema almasi ya hivyo haipo. Babu akamjibu, "Mimi nasoma tu, mama. Kamuulize aliyeandika."

Jeuri hiyo. Natokea kwenye ukoo wa watu wa hatari.

Kati ya wale kina mama alikuwepo Mama Kabula. Huyu alikuwa ameanza kisomo, yale madarasa ya watu wazima ya jioni. Hakuwa mwongeaji. Siku hiyo aliinuka kunywa maji, wakati wa kurudi akasimama nyuma ya kigoda cha babu. Akakaa hapo muda mrefu.

"Masanja," akasema. Ndilo jina la babu. "Hapo chini pameandikwa namba gani?"

"Kumi na mbili, mama."

"Jana ilikuwa ngapi?"

Babu akaifunika namba kwa kidole gumba.

"Jana ilikuwa kumi na mbili. Juzi pia, nilidhani nimeona vibaya. Mtu amepigana na chatu, ameoa mara tatu, amezika, amefika Mwadui. Yote kwenye karatasi moja?"

Wakuu, jamaa alikuwa amesahau kugeuza kurasa. Mwongo mzima, mwenye kipaji, kaangushwa na kidole.

Mama Shija akauliza taratibu, "Kwa hiyo chatu hayupo?"

"Hayupo," akasema Mama Kabula.

"Na mke wa tatu?"

"Muulize huyu."

"Nilimlilia yule mke. Nimelala na kichwa kinaniuma kwa ajili yake."

Hapakuwa na matusi. Walianza tu kukung'uta nyuzi kwenye khanga zao na kusimama mmoja mmoja. Mama yake babu hakuinua uso. Aliendelea kuchambua haraka haraka, kama mtu anayejua kuanzia kesho atakuwa peke yake, na rundo lilikuwa halijafika nusu.

Babu anasema angechapwa angeshukuru.

Mama Kabula ndiye aliyesema, "Kaeni. Kitabu hakina kosa. Nitasoma mimi."

"Wewe?" Mama Shija akashangaa. "Kisomo si umeanza juzi?"

"Ndiyo maana nitasoma polepole."

Akamwondoa babu kwenye kigoda, akamwonyesha mahali alipokuwa amekaa yeye. "Fungu langu la pamba ni lile pale. Sasa ni lako."

Akaanza ukurasa wa kumi na mbili. Kidole chini ya neno, jasho puani, silabi kwa silabi kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Akimaliza sentensi anaisema kwa Kisukuma. Neno likimshinda anamuuliza babu, na babu akibuni anamtazama tu mpaka babu anasema, "Sijui, nitamuuliza mwalimu." Kesho yake anakuja na maana yake.

Nusu ukurasa kwa siku. Mimi ningekimbia. Kina mama hawakukimbia, kwa sababu sasa walijua kinachosomwa kipo.

Na babu, akiwa na fifi mkononi, ndiyo kwanza akakisikia kitabu. Anasema kilimuumiza. Fundi wa kweli hakuwa na chatu wala almasi. Alikuwa na koti la kaka yake, kila mji anaofika anawaonyesha watu mshono wake na kuuliza kama wameuona mwingine kama huo. Kilikuwa kitamu kuliko uongo wake wote.

Siku fundi anabisha hodi kwenye mlango mmoja huko ugenini, Mama Kabula akafunga kitabu. "Macho yamechoka."

Babu hakula vizuri. Kesho yake, ametoka shule na njaa yake, akapitia kwa Mama Kabula.

"Shikamoo mama. Nimekuja kuwaangalia kuku wenu, kama wamepona."

"Marahaba. Kuku gani walikuwa wagonjwa?"

"Basi nipe kitabu."

Mama Kabula akamtazama mpaka akaona aibu. "Utasomea hapa mlangoni. Na utakachokiona mbele, kinabaki kwako. Ukimwambia hata mmoja, hukigusi tena."

Alikimaliza kwa siku nne. Hakutumwa, hakuogopa kiboko, hakukwepa kazi. Kila alasiri akarudi kukaa na pamba, akisikiliza kwa mwendo wa konokono mambo ambayo tayari anayajua.

Pamba ikaisha siku mbili kabla kituo hakijafungwa. Ikapimwa, karibu yote safi. Mama yake babu akawashukuru wenzake: wabeja, wabeja, nendeni mkapumzike.

Kitabu kilikuwa kimebaki kurasa tisa.

Kesho yake saa tisa alasiri wakaja wote. Kila mmoja na ungo wa karanga za kubambua, kutoka nyumbani kwake.

Siku ya ukurasa wa mwisho Mama Shija akamnong'oneza babu, "Ng'wanawane, mwanangu, wewe umeshasoma. Kaka yake anapatikana?"

Nawaambia mimi ninayemjua. Huyu mzee hawezi kutunza siri. Zawadi ya mkewe, bibi yangu, aliitangaza kabla hajainunua. Lakini siku hiyo akasema, "Msikilize Mama Kabula," akainamia karanga zake hadi neno la mwisho.

Nilichojifunza ni kidogo. Huwa tunalazimishwa kusoma kama dozi, vitabu vingapi kwa mwezi, amka alfajiri, sijui nini. Babu alipona uvivu kwa kuachwa mlangoni na hodi. Siku hizi nasoma hivyo: nafunga kitabu pale ninapotamani zaidi kuendelea, kesho narudi mwenyewe bila kusukumwa. Na yule mama wa nusu ukurasa kwa siku, ambaye ndiye bibi jirani niliyemhoji, nikimsalimia naipiga shikamoo kwa magoti yote mawili. Utani wangu wote unaishia getini kwake.

Haya, nyie kitabu gani kiliwanasa mkaacha kula? Na kuna mwingine humu aliyewahi kuwasomea watu vitu ambavyo havikuandikwa? Tiririkeni. Babu yupo hapa pembeni anasubiri nimsomee majibu yenu, na ameshaniambia atakuwa anaangalia kidole changu.