Tani Sita kwa Njia ya Nia-Nia

Niliondoka Bunia kwa sababu ya gogo. Gogo lenyewe lilikuwa mbali, ng'ambo ya mto Epulu, limelazwa katikati ya barabara ya Nia-Nia na watu wa kijiji kimoja. Habari zake zilitufikia kwa dereva mmoja wetu aliyelazimika kugeuza lori na kurudi na viazi vyake vyote. Wanakijiji walikuwa wamemwambia hivi: magari ya nyumba yenu hayapiti tena hapa mpaka aje mtu wa kuzungumza nasi, na mtu huyo asiwe dereva.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, nchi yetu ikiitwa Zaire. Nilikuwa karani kwa Papa Kambale, mfanyabiashara aliyehamia Bunia kutoka Butembo na kuanzisha nyumba ya kusafirisha mizigo, yenye malori matatu. Kazi yangu ilikuwa kupanga: mzigo wa nani unapanda lori lipi, tani ngapi, unashuka wapi. Niliandika karatasi, nikapiga muhuri, dereva akaondoka. Mimi mwenyewe sikuwahi kufika mbali zaidi ya Komanda.

Papa Kambale alikuwa amevunjika mguu, ameketi na plasta yake juu ya kigoda. Alifikiri kidogo akaniambia, “Masika, weye njo utaenda. Uwape chumvi. Wakiona chumvi, watafungua njia.”

Nilifurahi kama mtu aliyepewa likizo. Nilinunua viatu vya turubai vyeupe, nikachemsha mayai kumi, na nikaweka gauni langu la kitenge kwenye sanduku, nikiamini kwamba Nia-Nia hakutakosekana sherehe ya kunipokea.

Siku ya kwanza, alfajiri, lori lilikuwa tayari uani. Lilibeba tani kumi: kabichi na viazi vya wakulima wa Fataki, na magunia ya maharagi juu yake. Dereva wetu aliitwa Sadiki, Mwislamu wa makamo aliyeanza udereva kwenye machimbo ya dhahabu huko Mongbwalu, mtu mpole, hanung'uniki. Alisoma karatasi niliyoiandika, akaitazama mbingu, akaikunja na kuitia mfukoni. Wapakizi wawili walipanda juu ya magunia, mimi nikaketi mbele, na tukaiaga Bunia kwa honi.

Mpaka Komanda nilikuwa malkia. Upepo wa nyanda uliingia dirishani, nilikula mayai manne, na kila mtu barabarani alitupungia mkono. Baada ya Komanda nyasi zikaisha, msitu ukatumeza, na jua tukaliona tena kwa vipande tu. Usiku huo tulilala Mambasa, kwa dada wa mpakizi mmoja, ambaye alitupikia sombe ya majani ya mihogo na kuniuliza kama nimechukua viatu vingine.

Siku ya pili, saa mbili asubuhi, nilielewa kwa nini aliuliza. Mvua ilikuwa imenyesha hadi mapambazuko. Tulikuta nguzo ya chuma imeshushwa barabarani, ile inayoitwa baria ya mvua, ambayo huyazuia malori mpaka udongo ukauke. Sadiki alizima mashine na kungoja. Malori mawili yaliyotufuata hayakungoja. Yalipita nyuma ya nyumba za watu na kutokea mbele. Nilimuuliza Sadiki kwa nini na sisi tusifanye vile, nikidhani ninasaidia. Alijibu kwamba anayepita kwenye udongo wenye maji anamchimbia kaburi mwenzake anayekuja nyuma.

Kaburi hilo tulilifikia mchana. Malori yale yalikuwa yameacha mifereji miwili yenye kina cha kiuno, imejaa potopoto, tope jekundu, na sisi na tani zetu kumi tukaingia humo mpaka kwenye ekseli. Hakuna aliyetoa amri. Wapakizi walishuka, mmoja na panga, mwenzake na shoka, wakaingia msituni kama watu wanaokwenda kuchota maji.

Nilihesabu, kwa kuwa kuhesabu ndiko nilikozoea. Miti ishirini na mitatu, midogo, minene kama mkono wa mtu mzima, mingine kama paja. Waliipanga chini ya magurudumu. Sadiki akakanyaga mafuta, moshi mweusi ukajaa njia, magurudumu yakaisaga ile miti na kuitema nyuma vipande vipande. Wakaenda kukata mingine. Tulitoka jua likielekea kuzama. Viatu vyangu vya turubai havikuwa vyeupe tena. Kimoja hakikuwapo kabisa.

Tulipokuwa tunasonga mbele nilimuuliza Sadiki jambo hili hutokea mara ngapi kwa safari moja. Akasema mara nne, mara tano. Mvua ikikolea, mara kumi. Nikamuuliza lori likiwa jepesi inakuwaje. Akatabasamu, macho barabarani.

“Kamio ikiwa na tani sita inapita bila shida,” alisema. “Lakini mi ninaendeshaka karatasi yako, Mama Masika.”

Usiku huo tulilala Epulu.

Siku ya tatu, kabla ya adhuhuri, tulifika kwenye gogo. Lilikuwa kubwa kuliko nilivyofikiri, na juu yake walikaa wanawake sita wakimenya mihogo. Wanaume walisimama nyuma yao. Kapita, mkuu wa kijiji, alitusalimia vizuri, akatuonyesha viti, kisha akasema mwenye shauri ni dada yake, Mama Zaina. Huyu alikuwa mwanamke mrefu, amejifunga kitambaa cha buluu kichwani. Alifuta mikono yake, akanitazama miguuni, mahali ambapo kiatu kimoja kilikuwa changu na kingine cha mpakizi.

“Nani anasemaka kamio ibebe tani kumi?” aliniuliza.

Ningeweza kumtaja Papa Kambale. Alikuwa mbali, na mguu wake katika plasta. Wapakizi walinitazama, na Sadiki akatazama pembeni kwa heshima.

“Ni mimi,” nikasema. “Mimi njo ninaandikaka.”

“Basi kuya uone.”

Alinipeleka hatua chache tu kutoka barabarani. Hapo palikuwa na kisiki ambacho watu watatu wasingeweza kukizunguka kwa mikono, na shina limelala ubavuni mwake, zima, halijaguswa. Lori letu jingine lilikuwa limekwama hapo mwezi uliotangulia. Wapakizi walipoona miti midogo imekwisha, waliangusha ule mkubwa, wakakata matawi yake na kuondoka. Ulikuwa mti wa viwavi. Kila mwaka, majira yalipofika, viwavi viliushuka kwa maelfu, na wanawake wa kijiji waliviokota kwa vikapu. Walipika, wakakausha, na vingine wakavipeleka soko la Nia-Nia kununua sabuni na nguo za watoto.

“Muzee aliyezaa baba yangu alikuta hii muti imeisha kukomaa,” alisema Mama Zaina. Sauti yake ilikuwa ya chini. “Siye hatuna ngombe. Nyama ya watoto yetu ilikuwa inashukaka hapa. Na wanasema umeleta chumvi.”

Mfuko wa chumvi nilikuwa nimeushika mkononi. Nilijisikia mtoto aliyekamatwa. Niliomba msamaha, nikasema sikujua, na mara maneno hayo yalipotoka nikayasikia yalivyo mepesi. Nilimuuliza wanataka nini. Alisema hawataki kitu chochote cha kupewa. Wanataka malori yapite, maana hata wao wanahitaji njia, lakini yapite bila kukata mti.

Tulikaa na kapita mpaka saa tisa tukilizungusha neno hilo. Toka kijijini hadi Nia-Nia kulikuwa na bonde moja refu lenye maji, na wapakizi waliapa kwamba hapo haipiti lori bila miti. Ndipo Sadiki aliposema, kwa upole wake, kwamba huko machimboni hawakukata kitu. Kila lori lilibeba mbao zake nne nene, likiingia matopeni linawekewa, likitoka zinaokotwa na kuoshwa. Kapita akakumbuka mbao za daraja la zamani zilizolala nyuma ya nyumba yake. Mama Zaina akasema maji yanakaa barabarani kwa sababu mifereji ya kando imezibwa tangu watengenezaji wa barabara walipoacha kuja. Vijana wa kijiji wanaweza kuizibua. Yote haya yalikuwa mazuri, lakini tani kumi zilibaki tani kumi.

Nikachukua karatasi kwa Sadiki, nikafuta kumi, nikaandika sita.

Nilisema tani nne zishuke hapa, na mimi nitabaki nazo mpaka lori lirudi. Nilimwomba Sadiki jambo moja zaidi: asirudi na lori tupu, anunue mzigo wa kurudi nao kwa pesa atakazopokea Nia-Nia. Malori yetu yalizoea kurudi Bunia yakiwa na hewa tu, huku wafanyabiashara wengine wa Bunia wakituma malori matupu kwenda Nia-Nia kuchukua mchele. Mara ngapi nilikuwa nimeyaona yakiondoka, na nisiwaze kitu. Gogo likasogezwa, lori likapita.

Siku ya nne na ya tano nilikuwa mgeni wa Mama Zaina, na ninakiri kwamba usingizi ulinikataa. Kabichi zilianza kunuka chini ya majani ya migomba. Niliona tayari uso wa Papa Kambale, niliona na kiti changu kimekaliwa na mtu mwingine. Ili nisifikiri sana nilikwenda kuchimba mifereji pamoja na wengine, nikapata malengelenge kumi kwenye mikono ambayo ilijua muhuri tu. Mama Zaina alinicheka, akanipaka mafuta ya mawese. Kabichi tulizigawa kabla hazijaoza zote. Watoto walizionja wakatema, ila kapita alizipenda mno. Jioni Mama Zaina alinipa sahani ya viwavi vikavu vilivyopikwa na pilipili, vya akiba ya mwaka uliopita. Nilivila kwa adabu, kisha nikavila kwa njaa, kisha nikaomba vingine. Hapo ndipo nilipojua, kwa mdomo, ukubwa wa kitu tulichokiangusha.

Siku ya tano, alasiri, tulisikia mashine. Lori lilitokea kwenye kona taratibu, mbao zimefungwa ubavuni, zimepakwa tope mpaka juu. Mama Zaina alikwenda moja kwa moja kwa wapakizi, akaomba kuona shoka. Alipitisha kidole kwenye makali yake. Lilikuwa na kutu kidogo. Alilirudisha, na yule mpakizi wa shoka akatabasamu kama aliyefaulu mtihani.

Nyuma kulikuwa na tani nne za mchele.

Tuliushusha mchele kijijini, tukapakia viazi na maharagi yaliyobaki, na kesho yake Sadiki akaenda tena. Siku mbili baadaye alirudi na mapipa ya mawese. Tulipokusanya vyote vilikuwa tani sita kamili. Kitu kilichonishangaza zaidi kilikuwa pipa letu la akiba la mazuti, mafuta ya lori. Kwa kawaida tulifika Nia-Nia tukiwa tumelimaliza, maana lori linaloungurumia matopeni linakunywa bila kwenda mahali. Safari hii, pamoja na kuipita ile njia mbovu mara nne, pipa lilikuwa bado na zaidi ya robo.

Siku ya tisa tuliagana. Mama Zaina hakuniambia amesamehe, na sikumuuliza. Alisema, “Weye urudie. Kama unatuma karatasi peke yake, gogo iko.” Nikamwahidi.

Kurudi hakukuwa na visa vingi. Kwenye baria ya mvua tulingoja. Matope mawili tuliyavuka kwa mbao zetu, nami nikiwa upande wa kulia, nikibeba ubao wangu pamoja na mpakizi, gauni la kitenge limefungwa kiunoni. Ndiyo sherehe pekee ambayo gauni lile liliiona. Komanda jua lilituangukia lote kwa mara moja, na jioni Bunia ikaonekana.

Papa Kambale alikasirika. Aliuliza kabichi ziko wapi na mimi nilikuwa wapi, akasema watu wa Fataki hawatakula habari za viwavi. Nilimwacha amalize. Kisha Sadiki, ambaye siku zote hasemi sana, alimsukumia pipa la mazuti mpaka kwenye kigoda ili aligonge mwenyewe. Aligonga chini, akagonga juu, akasikia mafuta bado yamo. Akatazama magunia ya mchele yakishushwa. Mwisho akauliza kama mawese yale yamepata mnunuzi, na hapo nikajua bado nina kazi.

Tangu wiki ile, kila msimu wa mvua, malori yetu yalibeba tani sita na mbao nne, na hayakurudi matupu. Kabichi tulizipeleka kiangazi tu. Wenzetu wengine walituiga, wengine walitucheka, na mimi nilipanda lori kwenda ng'ambo ya Epulu mara mbili kwa mwaka, na viatu vya kufaa.

Mwaka mmoja karani wa nyumba nyingine ya mizigo alikuja kuniomba nimwonyeshe jinsi ninavyopanga. Alileta daftari safi na kalamu mbili. Nilimwambia kwanza aende Nia-Nia juu ya lori lake mwenyewe, halafu tutaandika. Alicheka sana, akaondoka. Baada ya wiki mbili nilimwona mlangoni, miguu imevimba, shingo imeungua jua, daftari limekunjamana kwa maji. Nilimvutia kiti, naye akafungua ukurasa wa kwanza na kufuta tani zote alizokuwa ameandika.