Bwana, Bado Kidogo

Kama kuna mtu mtaani kwetu aliyejiweka tayari kwa kurudi kwa Yesu, ni mama yangu, dobi. Sisemi hivyo kumpamba, maana mimi kazi yangu ni kupamba vichwa tu, msusi mimi. Baba alipotangulia mbele za haki, Mama alitulea kwa pasi ya mkaa, na mpaka leo nikinusa kitambaa kilichopigwa pasi sasa hivi najiona nimeshiba. Namshukuru Mungu kwa ajili yake kila ninapopumua. Bado yupo, bado anapiga pasi, na habari hii ameniruhusu niisimulie, ila amenionya nisitie chumvi. Nitajitahidi, ingawa ananijua.

Utayari wa Mama ulikuwa wa kuonekana kwa macho. Vyombo havikulala vichafu. Kitanda kilitandikwa hata kabla yeye mwenyewe hajanawa uso. Uwanja ulifagiliwa asubuhi, ukafagiliwa tena jioni, na ole wako uwe na ganda la ndizi mkononi.

"Bwana akija," alikuwa akisema, "asinikute na sufuria lenye ukoko."

"Mama, Yesu atoke mbinguni kuja kukagua masufuria?"

"Wewe cheka tu. Siku hiyo tutaonana."

Kazini hali ilikuwa ile ile. Nguo ya mteja haikulala kwake na makunyanzi. Alianza na kola, akaja mikono, akamalizia mgongo, akinyunyiza maji kwa vidole na kuusikiliza mkaa ndani ya pasi kama daktari anavyosikiliza kifua. Ukimwambia, Mama, pumzika, hizo utamalizia kesho, anakuuliza: "Kesho umeahidiwa na nani?" Jumatano alifundisha kikundi cha akina mama kanisani, na somo lake, hata aanzie wapi, liliishia hapo hapo: dada zangu, kaeni tayari.

Halafu kulikuwa na gauni. Jeupe, la mikono mirefu, lenye vifungo vidogo vilivyovishwa kitambaa kuanzia shingoni mpaka chini ya magoti. Lilining'inia nyuma ya mlango wa chumba chake, limefunikwa shuka. Kila Jumamosi asubuhi, pasi ikiwa imefutwa majivu na kabla haijagusa nguo ya mtu mwingine yeyote, alilinyoosha upya, nalo halijavaliwa. Arusi hakwenda nalo, ubatizo hakwenda nalo, hata Pasaka. "Hilo ni la siku yenyewe," alisema, na mjadala ukafungwa.

Sasa sikilizeni kilichokuwa kikinikera mimi. Gauni lile lilishonwa na mama mdogo, mdogo wake wa pekee, fundi cherehani. Na Mama na mama mdogo walikuwa hawasemezani.

Chanzo kilikuwa msiba wa bibi yangu. Mama alimuuguza mpaka mwisho, na siku ya maziko mama mdogo alifika watu wameshaanza kuondoka makaburini. Mama, mwenye uchungu wake, akamgeukia mbele ya umati: "Rudi ulikotoka. Aliyekuzaa amekungoja mpaka amechoka." Ulimi hauna mfupa, jamani. Mama mdogo alitazama kaburi, akamtazama dada yake, akageuka akaondoka. Tangu siku hiyo, miaka ikapita, huyu kimya, yule kimya.

Wala msidhani walikaa mbali. Sisi upande huu wa soko, yeye upande ule. Ukipiga chafya kwetu, kwake wanakuombea afya. Mimi nilikuwa nakwenda, maana wahenga walishasema, ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Mama alijua, akajifanya hajui. Nikirudi, aliuliza huku ameinamia shati: "Mtaa wa huko haujambo?"

"Mtaa haujambo. Unakohoa kidogo."

"Uambie unywe vitu vya moto."

Nami nilikuwa napandwa na hasira. Siku moja nilimwambia waziwazi: "Mama, kila Jumamosi unanyoosha mishono ya mtu usiyemsalimia!" Akanitazama, akaiinua pasi, akapuliza majivu. "Hayo nimemwachia Mungu," akasema. Nikajua amemwachia Mungu kama watu wanavyoacha mzigo stesheni, bila nia ya kuurudia.

Basi ikawa Jumamosi moja, kumepambazuka lakini jua halijapanda vizuri. Mimi nilikuwa uwanjani nikipepea mkaa wa akiba. Mama alikuwa ndani karibu na dirisha. Gauni alikuwa ameshalimaliza na kulirudisha nyuma ya mlango, sasa yuko kwenye suruali ya mzee wa kanisa. Mtaa ulikuwa umetulia, hata jogoo wa jirani alikuwa ameshanyamaza. Na katika utulivu ule, ghafla, juu ya vichwa vyetu, ikalia parapanda.

Niseme nini? Ililia moja, ndefu, safi, mpaka mabati yakaitikia. Kipepeo kilinidondoka. Mimi mwenyewe, mcheka masufuria, nilianza kukumbuka dhambi zangu moja baada ya nyingine, na foleni ilikuwa ndefu.

Mlango ukafunguka. Mama akatoka mbio, pekupeku, gauni jeupe mwilini, vifungo vimekwenda upande. Nikasema moyoni, haya, mama yangu huyo anakwenda zake, siku yake imefika. Nilitazamia ainue mikono. Aliinua uso, akatazama juu mara moja tu, na uso ule haukuwa wa furaha. Mama alikuwa na hofu, hofu ambayo sikupata kuiona kwake hata baba alipokufa.

"Bado!" akapiga kelele. "Bwana, bado kidogo! Nisubiri!"

Akatoka getini kama mshale.

Mimi nimesimama, mdomo wazi. Na hapo parapanda ikalia mara ya pili, ila safari hii ilipanda, ikakwama, ikakoroma, ikaanza wimbo wa gwaride na kuukosea katikati. Nikasema, hapana, malaika hakosei hivi. Nikachungulia juu ya ukuta. Mpangaji mpya wa nyumba ya nyuma, mzee mstaafu wa bendi aliyehamia jana yake, alikuwa amesimama barazani na fulana na tarumbeta lake, anapasha mapafu moto. Nikasikia harufu ya kuungua. Nikakimbilia ndani, nikaiondoa pasi kwenye suruali ya mzee wa kanisa, nikakwapua viatu vya Mama, nikamfuata.

Nilimkuta kwenye kona, nje ya duka la kinyozi, ameshika ukuta anatafuta pumzi. Kinyozi alikuwa ameacha kufungua duka, anakodoa macho.

"Mama! Ni jirani! Ni tarumbeta la jirani yetu mpya!"

Alinitazama kama sijasema kitu. Kisha akaelewa. Mimi, Mungu anisamehe, nilianza kucheka, nikacheka mpaka nikajishika mbavu. "Turudi nyumbani, Mama, watu wanatutazama. Haya, vaa viatu."

Hakuvipokea.

"Mwanangu," akasema polepole, "umesikia nilichosema?"

"Nini?"

"Nimemwambia Bwana asije."

Kicheko kikanikauka.

"Miaka yote nawaambia wenzangu wakae tayari," akasema. "Nimemwita Bwana, nimemwita, nimemwita. Leo nimedhani ameitika, nami nimemwambia bado." Machozi yakaanza kumtoka pale pale mbele ya kinyozi, na Mama si mtu wa kulia barabarani. "Nilipoinua macho sikuona mawingu. Nilimwona mdogo wangu. Twende."

"Kwa mama mdogo? Hivi hivi, pekupeku? Mama, angalau urudi ujiweke sawa."

"Nikirudi kujiweka sawa, sitatoka tena. Najijua."

Basi tukakatiza sokoni. Wauza mboga walikuwa wanapanga mafungu, wakatupisha njia. Mmoja akauliza bibi arusi anakwenda wapi asubuhi yote hii, nikamkata jicho akanyamaza. Mama alitembea bila kugeuka. Mimi nyuma na viatu vyake mkononi, nasali kwa maneno mafupi: Mungu, afungue mlango. Afungue tu. Maana nilimjua mama mdogo pia. Ni mpole, lakini akifunga, amefunga.

Mama aligonga. Ndani deki ilikuwa inapigwa, ikasimama. Mlango ukafunguliwa nusu, mama mdogo akatokeza na tambara mkononi. Akamwona dada yake. Rangi ikampotea.

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Mbona uko hivyo?" Macho yake yalishuka kwenye gauni. Kazi yake aliitambua.

"Nilisikia parapanda," Mama akasema.

Mama mdogo akanigeukia mimi. "Jirani mpya," nikasema. "Mpiga tarumbeta." Niliona midomo yake inacheza, maana ukoo wetu ni wa wacheshi, lakini hakucheka.

"Ukasikia parapanda, ndipo ukaja kwangu?"

"Ningekwenda wapi?" Mama akasema. "Mdogo wangu, nilikukosea. Nilikuaibisha mbele za watu, nikakufukuza kwenye kaburi la mama yako. Sijaja kukuuliza kwa nini ulichelewa. Nimekuja kuomba msamaha. Ukinifungia mlango, nitaelewa, lakini kesho nitakuja tena."

Mlango ulikuwa bado nusu, na mkono wa mama mdogo ulikuwa kwenye ubao.

"Gari liliharibika njiani, Dada," akasema mwishowe. "Nilitembea. Nilitembea tangu alfajiri, nakimbia nikiweza kukimbia, ili niwahi kumzika mama yangu. Ungeniuliza tu. Neno moja."

"Najua."

"Hujui!" Sasa alipaza sauti, na tambara likadondoka. "Hujui! Hata kulia sikulia pale. Nimekuja kulilia hapa, kwenye cherehani, peke yangu, nguo za watu zinalowa!"

Mama hakujitetea. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimwona ameinamisha kichwa, mikono imelegea. Nilidhani tumeshindwa. Nikaanza hata kutafuta maneno ya kumfariji njiani tukirudi.

Mama mdogo akavuta pumzi. Akamtazama dada yake juu mpaka chini.

"Umefunga vifungo vibaya," akasema.

Akafungua mlango wote. Akasogea, akashika kifungo cha shingoni, akakifungua, akakitia kwenye tundu lake. Cha pili vivyo hivyo. Alikuwa anamfunga dada yake kama unavyomfunga mtoto wa shule, na vidole vyake, vidole vya fundi vinavyotia uzi sindanoni bila miwani, vilikuwa vinakosa matundu. Alipofika kifuani akaacha vifungo, akalaza kichwa chake pale. Mama akamkumbatia. Wakalia, jamani. Walilia kilio cha mama yao, kile walichopaswa kukilia pamoja.

"Nimekusamehe, Dada," nikamsikia. "Nilikwisha kukusamehe. Nilikuwa nangoja mlango ugongwe tu."

Nami nilisimama kizingitini na viatu mkononi, nashukuru. Nilimshukuru Mungu, nikamshukuru na mzee wa bendi na mapafu yake. Suruali ya mzee wa kanisa iliungua paja zima, na hiyo pia niliitolea shukrani, ingawa yeye mwenyewe ilimchukua muda kidogo.

Baadaye mama mdogo alifuta uso, akakumbuka sakafu yake. "Haya ingieni, lakini Dada, miguu hiyo uioshe, nimetoka kupiga deki sasa hivi." Akaleta beseni, akaleta taulo, akabandika chai. Tukakaa watatu kwenye meza aliyoisafisha mabaki ya vitambaa, tukashikana mikono, na Mama akaombwa aombe.

Maombi ya Mama huwa marefu. Ukimpa nafasi, anazunguka dunia nzima na chai inapoa. Siku hiyo alifumba macho tu.

"Bwana Yesu," akasema, "watu wanalalamika kwamba umechelewa. Mimi nakushukuru kwa kuchelewa. Ungekuja jana ungenikuta nimependeza, uwanja umefagiliwa, na ndugu yangu hayumo moyoni mwangu. Asante umenisubiri. Asante, Bwana. Asante."

Hakuweza kuendelea. Tuliinamisha vichwa, tukimngoja. Ndipo mama mdogo akaubana mkono wa dada yake, akamalizia kwa niaba yake:

"Basi njoo sasa, Bwana. Tumeshapatana."