Gari la Umeme Hadi Mtawanya

Safari hii niliifanya kwa sababu ya mafuta. Pikapu yangu imezeeka, inakula mafuta vibaya, na kila mwezi ni lazima niende Mtawanya, Kibiti, kumwona baba. Mama alipofariki nilimhamisha kutoka Mbwera, kule kwenye visiwa vya delta, nikamjengea vyumba viwili karibu na barabara ili nimfikie bila kupanda boti. Ndugu zake na mashamba yake ya mpunga vilibaki kule. Mimi naishi Mbagala, peke yangu. Mtoto wake ni mimi tu.

Elisha, mwenzangu wa ofisini, alikuwa anahamia Mwanza na alitaka kuuza gari lake dogo la umeme. Akaniambia nilichukue Jumamosi, niende nalo nyumbani, kisha nimpe jibu. Alinikabidhi waya wa kuchajia na kunitahadharisha nisikimbize wala nisiwashe kiyoyozi ovyo, maana betri haikuwa mpya.

Niliondoka Mbagala asubuhi, betri imejaa. Kwenye foleni ya Kongowe nililifurahia sana: malori yanavuma na kutoa moshi, mimi nimetulia kama niliyekaa sebuleni. Baada ya Vikindu barabara ilifunguka, furaha ikapungua. Pikapu ina kelele zake, na kumbe miaka yote zile kelele zilikuwa zinanichangamsha. Humu ndani nilisikia upepo na pumzi zangu. Kufika Mkuranga nilijikuta nasoma vibao vya maduka kwa sauti, namsomea nani sijui.

Kimanzichana niliangalia chaji, nikazima kiyoyozi na kufungua vioo. Vituo vya mafuta vilikuwa vingi kila upande, na hakuna hata kimoja ambacho kingenisaidia. Mabasi ya Lindi yalinipita moja baada ya jingine. Mtu akikuona unaenda polepole hivyo anadhani unafurahia mandhari. Mimi nilikuwa natazama namba zinavyoshuka.

Kibiti mjini nilisimama kwenye nyumba ya wageni kuuliza kama naweza kuchaji. Dada wa mapokezi alitoka nje, akalizunguka gari, akauliza kwa upole kama linachomekwa vilevile kama simu. Nilipomwambia itachukua mpaka kesho, alisema basi nichukue na chumba kabisa. Nilimshukuru, nikaendelea. Kwa baba umeme upo.

Mtawanya nilifika kabla ya adhuhuri. Siku zote baba huisikia pikapu tangu mbali, na nikifika namkuta ameshasimama mlangoni. Siku hiyo hakusikia kitu. Nilizunguka ukuta, nikamwona amekaa barazani amenipa mgongo, anamenya muhogo. Alikuwa anaongea, na hapakuwa na mtu.

"Leo haji tena," alisema. "Jua limeshapanda."

Akasimamisha kisu kama anayesubiri kujibiwa, kisha akaendelea kumenya. Nilirudi nyuma hatua kadhaa, nikapiga hodi kwa nguvu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na nini? Mbona sikusikia?"

Nilimwonyesha gari. Alilipapasa bodi, akaniuliza injini iko wapi.

Nilichomeka waya kwenye soketi ya chumbani. Baada ya muda soketi ikapata moto, ikabidi niwe nauchomoa waya kila mara ipoe. Nilikuwa nimepanga kurudi alasiri, kama kawaida: nafika, napika, tunakula, baba anachukua fimbo yake, ananisindikiza hadi mlango wa gari. Mchana umeme ukakatika Mtawanya nzima. Bi Tatu, jirani, alipita kutuambia kwamba ukikatika hivi haurudi mapema.

Basi nikalala. Tangu nimjengee nyumba ile sikuwahi kulala hata mara moja. Jioni baba alinisimulia habari za Mbwera: nani amekufa, nani ameoa tena, bonde lipi limeingiwa na maji ya chumvi. Zote zilikuwa habari za zamani, na nyingine nilishazisikia. Sikumkatiza.

Asubuhi umeme ulikuwa umerudi. Baba alitoka amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Aliniomba nimpeleke Nyamisati, bandarini, boti za Mbwera zinakotia nanga, akawaone watu wa kwao japo kidogo. Nilikwenda kuangalia chaji. Kwenda Nyamisati na kurudi kungeimaliza, na kesho yake nilitakiwa kazini.

"Haitoshi, baba."

"Haya," alisema. "Si lazima."

Aliingia ndani. Alipotoka alikuwa amevaa shati lake la kila siku.

Mchana niliaga. Alinisindikiza na fimbo yake, akasimama akilitazama gari.

"Gari zuri hili," alisema. "Limekulaza."

Njia nzima ya kurudi nilipiga hesabu. Umeme ni rahisi kuliko mafuta, hilo halina ubishi, na kwa mtu anayezunguka mjini tu ningemwambia alinunue. Lakini betri ikichoka, bei ya nyingine inakaribia bei ya gari. Kibiti sikuona wa kulitengeneza, na masika ile njia ya kwa baba ni tope. Na baba akiugua ghafla, nitamwambia asubiri lijae? Jumatatu nilimrudishia Elisha ufunguo, nikamshukuru. Kuhusu magari nilijifunza hayo. Jambo jingine nililojifunza sikumwambia: kwamba miaka yote nilikuwa namtembelea baba kama mtu anayepeleka mzigo.

Mwezi uliofuata nilikwenda na pikapu, tangi limejaa. Tulikula. Alasiri ilipofika baba akachukua fimbo, akasimama kunisubiri. Nilimwambia nalala, na kesho tunakwenda Nyamisati.

Aliitazama pikapu.

"Imeharibika?"

"Haijaharibika, baba."

Akaiegemeza fimbo ukutani, akaingia ndani, nikamsikia anaburuta sanduku akitafuta chandarua cha pili.