Nyota Inayotikiswa

Kuna mahali ambako mwaka unaisha kwa siku nne na saa chache. Sayari kubwa, nzito kama nusu ya Mshtarii, inaizunguka nyota inayofanana na jua letu, tena kwa karibu mno, inaungua muda wote. Walioigundua hawakuiona. Waliona nyota yake ikiyumba, mbele kidogo, nyuma kidogo, wakasema: kuna kitu kizito kinaivuta.

Habari hiyo niliisikia Kolwezi, kwenye redio ya betri, giza lilipoanza kuingia. Nilikuwa nimeketi barazani na jirani yangu. Zamani taa za kiwanda ziliufanya usiku wa mji wetu kuwa wa njano. Mgodi ulipoporomoka, mashine zikasimama moja baada ya nyingine, taa zikazimika, na anga likajaa nyota ambazo watoto wetu hawakuwa wamewahi kuziona.

Jirani yangu alikuwa mwanamke wa kaskazini mwa Katanga. Mumewe, fundi umeme wa mgodini, alizaliwa hapa hapa Kolwezi, mjukuu wa mtu aliyeletwa kutoka Kasai kuchimba shaba. Siku watu wa asili ya Kasai walipoanza kufukuzwa, hakuna aliyemuuliza amezaliwa wapi. Waliomwita mdudu mlangoni pake ni vijana ambao aliwatengenezea mama zao pasi. Akaenda kituoni kama wengine, akalala chini ya shuka zilizofungwa kwenye miti mpaka behewa likapatikana. Mkewe alikuwa na mimba kubwa. Ndugu zake wakamzuia asipande, maana watu walikuwa wakifia njiani. Treni ikaondoka kwenda Kasai. Mtoto akazaliwa, akatambaa, akatembea. Habari haikuja.

Kaka mkubwa wa jirani yangu hakuwa mtu mbaya. Jumapili baada ya misa alikuja na unga mgongoni. Lakini alitaka wakae kilio, shemeji yake aombolezwe, mambo yaishe. Kilio kikiisha dada yake angekuwa mjane, na mjane huolewa. Mfanyabiashara mmoja wa Tenke alikuwa ameshamuulizia. Kwa jirani yangu, kukaa kwenye mkeka wa kilio kulikuwa sawa na kumuua mumewe kwa mkono wake.

Jioni ile redio ilisema Kiswahili cha pwani. "Nyota hiyo," msomaji alisema, "inatikiswa na kitu kikubwa kisichoonekana."

Jirani akaacha kupembua maharage. "Mwalimu, nyota ya nini? Ya maji?"

Nilicheka. Katika Kiswahili chetu cha Katanga, nyota ni kiu. Mtu anayetaka maji husema ana nyota. Zile za angani tunaziita kwa Kifaransa, étoile.

"Hapana, mama. Étoile. Zile za kule juu."

"Aa! Mi nilisikia nyota ya kunywa, yenye kutikisa mutu. Nikasema, hata batu ba redio banajua mambo yangu?"

Nilimweleza kwa kusimama na kuzungusha bidon, dumu la maji, kwa mikono miwili. Bidon ilinizunguka, lakini na mimi miguu ilinihama.

"Usimwange maji yangu! Na bazungu banasadiki?"

"Banasadiki. Kila siku ine inatikisika tena vile vile."

"Mwaka siku ine! Kule mi ningekuwa nkambo, muzee, hata jino moja hakuna." Alicheka, kisha akainuka. "Mwalimu, kuya uone kitu."

Jikoni alikuwa na bidon ya mawese, mafuta ambayo mama mmoja mchuuzi aliyaleta kwa treni kutoka upande wa Kasai. Mdomo wa bidon ulizibwa kwa plastiki, na plastiki ikafungwa kwa waya wa shaba. Wengine hufunga kwa kamba. Waya huu ulisokotwa kuelekea kushoto, na ncha yake imekunjwa ndani isimchome mtu. Mumewe alitumia mkono wa kushoto. Ncha alijizoeza kuikunja kwa ajili ya watoto wa majirani. Hii haikuwa bidon ya kwanza. Mama yule alikuwa ameshaleta nyingine zilizofungwa hivyo. Alipoulizwa, alisema ananunua kituoni kule Kasai kwa watu wengi, na anazikuta zimeshafungwa.

Jumapili kaka alipokuja, jirani yangu alimwekea bidon miguuni.

"Dada, waya haina jina," alisema kaka. "Benye mukono ya kushoto banajaa Kasai muzima. Unataka kuolewa na bidon?"

"Bidon inarudiaka, yaya," alimjibu kaka yake mkubwa. "Ule wa Tenke alikuya mara moja tu."

Kaka alijizuia asicheke. Dada yake hakucheka.

"Bazungu banaona étoile inatikisika, banasema kule iko kitu. Habakuiona. Na mi, tangu ile treni, niko natikisika. Nani ananitikisa?"

"Mwalimu, ni weye unamufundisha hii?" kaka akanigeukia.

"Ni redio, tata," nikamjibu kwa heshima.

Kaka aliupapasa waya. Kisha akasema tungoje mama mchuuzi arudi. Waya ukiwa ule ule, hatataja kilio. Ukikosekana, mkeka utatandikwa.

Mama huyo alirudi na bidon nyingine, mvua zikiwa zimeshika kasi. Tulikuwa wote watatu pale. Waya ulikuwepo, wa shaba, umesokotwa kushoto. Jirani yangu akapeleka mkono haraka, akaurudisha na damu kwenye kidole gumba. Ncha haikukunjwa. Ilisimama wima.

Kaka aliinama, akaigusa. "Kushoto ni kushoto," akasema taratibu, akachukua gunia lake tupu akaenda. Habari ya kilio hakuitaja tena, na yule wa Tenke akaoa kwingine.

Dada yake alibaki akinyonya kidole. "Mwalimu, mukono yake iko na nini?"

Labda alifunga kwa haraka, treni ikipiga honi. Labda aliumia. Labda ulikuwa mkono wa mwingine, aliyefundishwa kusokota na hakufundishwa kukunja. Baada ya hapo reli ilikatika kwa muda mrefu, na mama mchuuzi hatukumwona tena. Waya umetundikwa kwenye msumari jikoni kwa jirani yangu. Haruhusu mtu aikunje ile ncha.