Gari la kuwahi macho ya Janeffer

Ukungu haujaondoka juu ya mashamba ya chai ya Sosiot, na Johana Kipkurui tayari yuko chini ya gari. Amelalia gunia kuukuu, miguu imetokeza nje, na mkononi ana nyundo ndogo. Anagonga chuma, anatega sikio, anasogea kidogo, kisha anagonga tena.

"Chuma nzima inalia kama kengele ya kanisa," anasema kutoka huko chini. "Chuma imeoza inanyamaza. Hiyo ndio kazi yangu yote, kusikiza."

Gari lenyewe ni Land Cruiser ya zamani, lile umbo refu ambalo vijana wa siku hizi hulionea kwenye picha. Rangi yake ya maziwa imepauka. Juu halina keria ya mizigo, ndani halina kitanda, na tangi la pili la mafuta bado limelazwa kwenye nyasi. Kwa mpita njia ni safari iliyoishia nusu. Hata hivyo, kesho kutwa, Jumatatu, Johana na mkewe wataliendesha hadi South Horr, kaskazini kabisa mwa Samburu, ambako wote wawili hawajawahi kukanyaga.

Mkewe, Janeffer Chepngetich, anatoka jikoni na kikombe cha chai. Anatembea polepole, mguu ukitangulia kupapasa ardhi, mkono ukifuata ukuta. Ana presha ya macho, ugonjwa unaokula mwanga kuanzia pembeni ukielekea katikati.

"Ni kama kuchungulia kwa paipu," anasema. "Na kila mwezi hiyo paipu inakuwa nyembamba."

Daktari alimpa dawa ya matone, akamwambia ukweli bila kuuzungusha: dawa hupunguza mwendo wa ugonjwa, lakini kilichokwisha kwenda hakirudi. Mama huyu alipouliza amebakishiwa muda gani, aliambiwa labda mwaka, labda hata usifike. Mvua za masika zimenyesha zikaisha tangu siku hiyo.

Anachotaka kukiona ni kaburi la babake.

Babake alikuwa dereva wa lori la kutengeneza barabara. Mwaka 1974 alipelekwa kaskazini, akashikwa na malaria kambini, akafa. Siku hizo maiti haikusafirishwa kirahisi. Wenzake walimzika kando ya barabara waliyokuwa wakiichonga, na habari ilifika Sosiot majuma kadhaa baadaye. Janeffer alikuwa na miaka sita.

Siku ambayo habari ilifika, mamake alikuwa ameshaandaa kibuyu cha mursik. Katika nyumba za Wakipsigis, anayerudi kutoka safari ya mbali hupokewa kwa maziwa hayo yaliyolala kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa. Krismasi ilikuwa inakaribia na mume alikuwa ameahidi kuja.

"Mama alimwaga yale maziwa nyuma ya nyumba," Janeffer anakumbuka. "Akaosha kibuyu, akakitundika. Hakukitumia tena mpaka akakufa. Sisi watoto tulikatazwa hata kukigusa."

Mwaka juzi mchungaji mmoja wa kanisa la South Horr, aliyekuwa ameulizia jamaa za marehemu hadi akawapata, alituma picha kwa simu. Ilionyesha rundo la mawe, na katikati yake bamba la springi ya lori lililosimikwa badala ya msalaba. Jina limechongwa kwa patasi, na bado linasomeka. Johana, ambaye ameshika springi za magari maisha yake yote, alipoiona picha hiyo alilazimika kutoka nje kwanza.

Janeffer alizungusha simu mbele ya jicho kama mtu anayetafuta sindano. Aliona jiwe moja, kisha jingine, lakini kaburi zima hakuliona.

"Picha ni picha," anasema. "Nataka nisimame hapo, nimwone baba yangu mahali amelala. Si kuambiwa."

Hapo ndipo kazi ya Johana ilipogeuka kuwa mtihani wake. Kwa zaidi ya miaka ishirini, watu wa Nairobi, Eldoret na hata wageni kutoka ng'ambo wamekuwa wakimfuata Sosiot awachagulie magari ya zamani ya kutengenezwa kwa safari ndefu, za kwenda Turkana, Ethiopia au kusini hadi mwisho wa bara. Wao huleta ndoto, naye huleta nyundo. Mwezi mzuri humpa kama shilingi elfu thelathini. Mwezi mbaya hutegemea majani chai ya shambani.

Kwa nini gari la zamani na si jipya? Swali hilo humchekesha kila mara.

"Gari mpya ikigonjeka inataka kompyuta," anasema. "Huko jangwani kuna nini? Kuna spana na Mungu."

Lakini si kila la zamani ni dhahabu, na huku kwenye chai kuna mtego wake. Magari mengi ya mashambani yamebeba mbolea miaka nenda miaka rudi. Chembechembe zake hujipenyeza kwenye chasisi, zikanywa unyevu wa milima hii, zikala chuma taratibu. Nje gari linang'aa, ndani ni maganda matupu. Kwa hiyo Johana huwaambia wateja wake wasiulize gari limetembea kilomita ngapi, waulize lilibeba nini.

Waswahili husema mganga hajigangi. Gari la kwanza alilomnunulia mkewe lilikuwa la mbolea.

Ilikuwa Jumapili. Walikuwa wametoka ibadani Boito, na dalali akawasimamisha langoni akiwa na gari lililopigwa rangi mpya, chini limepakwa lami nyeusi ti. Mvua ilikuwa imenyesha na uwanja ulikuwa tope. Johana alikuwa amevaa suti yake moja ya Jumapili, ile aliyoshonewa alipomwoza binti yao, Chepkorir. Basi fundi huyu, ambaye hajawahi kumchagulia mteja gari bila kulala chali, aliinama kidogo, akachungulia, akawasha injini na kuisikiliza ikinguruma vizuri. Hakulala chini. Bonasi ya chai ya miaka mitatu ikaondoka mchana huo.

Juma lililofuata alilipiga jeki ili aanze kazi. Gari halikuinuka. Jeki ilizama ndani ya chasisi kama kidole kwenye ugali.

"Nililia," anasema, na haoni haya kusema hivyo. "Watu wangapi nimewaokoa na hiyo kitu? Na yangu nikanunua kwa kuogopa kuchafua suti."

Janeffer anaikumbuka jioni ile kwa upande wake. "Aliingia jikoni akasimama tu. Akaniambia, 'Mama Chepkorir, nimenunua kutu.' Nikamwambia, 'Kaa chini ule.' Ningemwambia nini tena?"

Gari liliuzwa kwa kilo kama vyuma chakavu. Na tangu siku hiyo Johana akawa mtu mwingine. Haraka haraka haina baraka, alijiambia, akalishika neno hilo kupita kiasi. Alikwenda hadi Litein, Mulot na Londiani kutazama magari. Hili aliliona limepinda kidogo, lile difu lake la kuzungusha magurudumu linalia, jingine hakumwamini mwenyewe. Wateja wake waliondoka na magari aliyoyakataa, wakafika walikokuwa wakienda na kurudi salama. Nyumbani mkewe alikuwa akimwaga chai nje ya kikombe.

Janeffer hakulalamika. Majirani ndio waliosema kwa niaba yake, na si kwa sauti ya chini.

Aliyemtoa Johana kwenye woga huo ni Eliakim Oyugi, mzee wa kutoka upande wa ziwa aliyefanya kazi kwenye karakana ya mashamba makubwa ya chai hadi akastaafu. Alikuwa akifunga mizigo arudi kwao Homa Bay. Land Cruiser yake ilikuwa imebeba wanakwaya, wagonjwa na mama wajawazito wa kambi za wafanyakazi wa chai. Gunia la mbolea halikuwahi kupanda.

Johana aliigonga asubuhi nzima. Eliakim akaleta kiti, akakaa, akachoka.

"Bwana Johana," akamwambia, "utagonga hii gari mpaka ikutajie jina ya babu yake? Imekuambia ni nzima. Sasa wewe unataka iapishwe?"

Janeffer alikuwa na kipimo chake mwenyewe. Alikuwa amebeba kile kibuyu alichoachiwa na mamake, kikiwa na maji, akakipakata kwenye kiti cha mbele wakiteremka barabara mbovu ya kuelekea mtoni. Waliporudi alipapasa gauni lake. Lilikuwa kavu.

"Hii ndio yenyewe," akasema.

Eliakim alishusha bei hadi shilingi laki tano na nusu alipoambiwa safari ni ya nini. Ng'ombe wawili wakauzwa na mkopo wa Sacco, chama chao cha akiba, ukaongezwa. Zizini akabaki ng'ombe mmoja.

Ungedhani mambo yaliishia hapo. Lakini Johana hakuwa tayari. Gari la safari, alisema, lazima liwe na keria, tangi la pili, kitanda na betri mbili. Alibadilisha springi, akazifungua, akazifunga upya. Alichomelea bamba la kukinga injini, akalikata, akalichomelea tena. Kila mkewe alipouliza lini, jibu lilikuwa bado kidogo. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na katika nyumba hii ilikuwa ikiumiza macho.

Alhamisi iliyopita walikwenda kulijaribu gari kwenye njia ya Merigi. Mbele yao kundi la ng'ombe likaanza kuvuka, mkubwa mwekundu akitangulia. Johana akafunga breki.

"Ng'ombe anapita," Janeffer akasema kwa furaha, kwa kuwa alikuwa amemwona mwenyewe.

Yule mwekundu akamaliza kuvuka. Nyuma yake barabara ilikuwa bado imejaa ng'ombe, wengine wamegusana na boneti, na mwenyewe akiwapigia mluzi.

"Si amepita? Twende basi," akasema Janeffer.

Johana hakuondoa mguu kwenye breki. "Tungoje kidogo, Mama Chepkorir," akamjibu. Hakumwambia tungoje nini. Ng'ombe wa mwisho alipovuka ndipo akaondoa gari.

"Hapo ndio nilijua," anasema sasa. Ametoka chini ya gari na anafuta mikono kwa kitambaa, muda mrefu kuliko mikono inavyohitaji. "Mimi nilikuwa natengeneza gari isiharibike njiani. Na yeye alikuwa anaharibikia hapa nyumbani, kando yangu. Nikimaliza keria na macho yake yameisha, nitampeleka kuonyesha nini?"

Jioni hiyo hiyo alimwambia watatoka Jumatatu. Bila keria na bila kitanda, watalala kwenye magodoro ya nyumbani, na mafuta watabeba kwa mitungi. Chasisi ni nzima, injini ni nzima, na hayo mengine ni mapambo.

Janeffer aliuliza tu kama ng'ombe ameshakamwa. Mursik haiwi mursik kwa siku moja. Ukitaka iive Jumatatu au baadaye kidogo, inabidi uianze sasa. Akakitungua kibuyu cha mamake, akakisugua kwa mkaa wa mti wa senetwet kwa mkono unaojua njia bila kuonyeshwa, akajaza maziwa ya yule ng'ombe aliyebaki.

Sasa kibuyu kimetundikwa jikoni, mahali pake. Johana amekitengenezea kishikio cha mpira na kamba mbele ya kiti cha mkewe. Njia yao ni Nakuru, Nyahururu, Maralal, Baragoi, kisha South Horr. Anakadiria siku tatu, nne kama barabara itakuwa korofi, na mchungaji atawangoja kuwaongoza hadi kwenye mawe.

Na ikiwa paipu itazibika kabla ya kufika?

Janeffer anageuza uso wote kumtafuta anayeuliza, kama anavyofanya siku hizi. "Nitaomba isizibe," anasema. "Hata nikiona ile springi peke yake imesimama, imetosha."

Kisha anaeleza atakayoyasema huko, maneno ambayo inaonekana ameyabeba tangu utotoni.

"Nitamwagia maziwa hapo kwa mawe. Nitamwambia, 'Baba, ulikawia kurudi, Mama akangoja mpaka akachoka. Basi nimekuletea.'"